Gundi Sahihi kwa Stika ya Bidhaa Yako: Mwongozo Kamili kwa Mzalishaji Mdogo

Lebo ikibanduka, bidhaa inabaki bila jina, bila tarehe ya kuisha muda na bila namba ya bechi. Mkaguzi wa viwango kutoka TBS (Tanzania) au KEBS (Kenya) akiikuta rafuni katika hali hiyo hawezi kujua ni nini wala imetoka kwa nani, na mteja naye ana haki ya kuiogopa. Ndiyo maana nasisitiza gundi ichaguliwe mwanzo kabisa, kabla ya rangi na nembo, na kabla ya kuulizia bei ya kuchapa stika elfu moja. Wazalishaji wengi hufanya kinyume: wanalipia mchoro mzuri, wanachapisha, halafu wanagundua kwamba chupa yao haishiki kitu.

Mwongozo huu ni wa mtu anayefungasha asali, sabuni ya maji, siagi ya karanga, mafuta ya nazi, mtindi, achari, juisi au samaki wa kugandisha, na anatumia stika za kujibandika, yaani zile ambazo gundi iko tayari nyuma na unabandua karatasi tu.

Stika imejengwaje

Stika ina tabaka tatu. Juu kuna uso unaochapwa, ambao ni karatasi au plastiki nyembamba. Katikati kuna gundi, na kwa stika za kawaida huwa gramu 20 hivi kwa mita ya mraba. Chini kuna karatasi ya nyuma iliyopakwa silikoni ili gundi isiing'ang'anie. Muundo huu ulianza kuuzwa na R. Stanton Avery huko Los Angeles mwaka 1935, na hadi leo haujabadilika sana. Kilichobadilika ni gundi zenyewe, na hapo ndipo watu wanapopotea, kwa sababu stika mbili zinazofanana kabisa kwa macho zinaweza kuwa na gundi mbili tofauti kabisa.

Gundi ya stika haikauki kama gundi ya mbao. Inabaki laini maisha yake yote. Ukiikandamiza, inatiririka polepole sana na kuingia kwenye vijishimo vidogo vya uso wa chupa, na kadiri inavyozidi kuenea ndivyo inavyoshika. Kwa hiyo kuna mshiko wa dakika ya kwanza na kuna mshiko wa kesho yake, na huo wa kesho ndio wa kweli. Gundi nyingi hufikia nguvu yake kamili baada ya saa 24, nyingine baada ya siku tatu.

Ulaini huo una gharama. Gundi laini sana hushika papo hapo, lakini kwenye joto huchuruzika pembeni na stika huteleza. Gundi ngumu huvumilia joto na miaka, ila huchelewa kushika na kwenye baridi hugoma kabisa. Hakuna gundi inayoshinda pande zote. Fundi akikuambia anayo moja inayofaa kila kitu, anachokuuzia ni kile kilichobaki stoo.

Hatua ya kwanza: ijue chupa yako

Geuza chupa uangalie kitako. Mara nyingi utaona pembetatu ya mishale yenye namba kati ya 1 na 7. Alama hizo zilianza kutumika Marekani mwaka 1988 kwa ajili ya kutenganisha taka za plastiki, lakini kwa mtu wa stika ni hazina, kwa sababu zinakueleza chupa ni ya plastiki gani, na kila plastiki ina tabia yake mbele ya gundi.

Namba 1 ni PET, plastiki ya chupa za maji, soda na juisi, na ya makopo mengi ya siagi ya karanga yanayoonyesha ndani. Hii ni rafiki wa gundi. Namba 2 ni HDPE, ile plastiki isiyopitisha mwanga vizuri ya madumu, chupa za dawa ya madoa na za losheni. Namba 4 ni LDPE, ya chupa laini za kubinya na mifuko. Namba 5 ni polipropilini, ya ndoo, vifuniko na makopo mengi ya mtindi. Hizi tatu ndizo zinazoliza watu.

Tofauti iko kwenye kile wataalamu wanachokiita nishati ya uso, ambayo hupimwa kwa milinyutoni kwa kila mita. PET ina kama 43. HDPE na LDPE zina kama 31, na polipropilini ni karibu 30. Kioo safi kiko juu mno, mamia. Uso wenye nishati kubwa huivuta gundi ienee juu yake, na wenye nishati ndogo huiacha ijikusanye bila kugusana vizuri. Huhitaji maabara kuliona hilo. Dondosha tone la maji kwenye kioo safi, litatambaa na kulala bapa. Dondosha jingine kwenye dumu, litasimama kama shanga. Palipo na shanga, gundi ya kawaida itateseka.

Viwanda vinavyojua kazi hupitisha chupa za HDPE kwenye moto wa haraka, au huzipiga kwa umeme, ili kuipandisha nishati ya uso huo. Muulize anayekuuzia chupa kama zimefanyiwa hivyo. Fahamu pia kwamba matibabu hayo hupungua nguvu kadiri chupa inavyokaa stoo, na hivyo chupa iliyoshika vizuri mwaka jana inaweza kukataa mwaka huu.

Kuna mambo mengine matatu kwenye chupa. La kwanza ni umbo. Stika hukaa vizuri kwenye uso bapa au unaopinda upande mmoja tu. Chupa iliyovimba pande zote kama yai italeta makunyanzi, uweke gundi yoyote uipendayo, na suluhisho ni kupunguza ukubwa wa stika. Kwenye chupa nyembamba sana, kama za manukato au mafuta ya midomo, stika hujitahidi muda wote kurudi kuwa bapa, kwa hiyo inahitaji uso laini unaopindika na gundi yenye nguvu ya kukaza. La pili ni umri wa chupa. Chupa ya plastiki iliyotoka kwenye mashine leo bado inasinyaa, na ukiibandika stika siku hiyohiyo, chupa inaendelea kupungua huku stika ikibaki vilevile, na hapo huja makunyanzi. Mpe muuzaji muda, au zitulize wewe mwenyewe siku mbili tatu. La tatu ni kubinywa. Chupa ya kubinya haiendani na karatasi. Karatasi haina mnyumbuko, itakunjika na kuvunja mshiko wake yenyewe.

Hatua ya pili: andika maisha ya stika, kuanzia dakika ya kubandikwa

Chukua karatasi uandike stika itapitia nini hadi bidhaa iishe. Usiandike "joto la kawaida" tu. Gari lililofungwa juani Dodoma au Mombasa linaweza kufika nyuzi 60 ndani. Bidhaa yako itasafiri kwenye bodi la lori, itakaa kwenye kioski kinachopigwa na jua la saa nane, halafu itaingizwa kwenye friji la soda lenye vioo vinavyotiririka maji.

Jambo linalopuuzwa kuliko yote ni kwamba kila gundi ina joto la aina mbili. Kuna joto la chini kabisa la kubandikia, na kuna joto ambalo stika itavumilia baada ya kushika. Gundi nyingi za matumizi ya kawaida hutaka kubandikwa kwenye nyuzi 5 au zaidi, lakini zikishakomaa huvumilia kuanzia nyuzi 20 chini ya sifuri hadi nyuzi 80 hivi. Msomaji wa haraka huona ile "20 chini ya sifuri" na kununua stika hizo kwa ajili ya samaki walioganda. Anabandika kwenye mfuko uliotoka friza, na stika inadondoka kabla hajafunga boksi. Gundi haikumdanganya. Ingekubali kuingia friza kama ingebandikwa kwenye mfuko mkavu wa joto la chumba na kuachwa siku nzima kwanza.

Kwa hiyo muuza samaki ana njia mbili. Ya rahisi ni kubandika stika kwenye mifuko mitupu siku moja kabla, ndipo ajaze na kugandisha. Ya pili ni kununua stika zenye gundi ya friza, ambayo ni laini kiasi cha kushika hata kwenye kitu kilichoganda. Lakini mfuko ukiwa na tabaka la barafu juu yake, hata gundi hiyo itashika barafu badala ya mfuko, hivyo lazima barafu ifutwe. Na kwa kuwa ni laini, usiitumie kwa bidhaa za rafuni pwani. Joto litaifanya ichuruzike.

Mtindi na juisi baridi vina tatizo dogo la aina hiyo: jasho. Chupa ikitoka kwenye ubaridi, unyevu wa hewa hugeuka matone juu yake, na gundi haipenyi maji. Bandika makopo yakiwa matupu na makavu, kisha jaza. Ukipata nafasi ya kubandika kabla ya kujaza, ichukue daima, isipokuwa kama unajaza moto. Achari au jamu inayomiminwa ikichemka ndani ya chupa ya kioo ibandikwe baada ya chupa kupoa na kufutwa.

Andika pia vimiminika vitakavyoigusa. Maji, sabuni, mafuta, pombe. Mafuta ni adui mkubwa kuliko maji, kwa sababu huingia ndani ya gundi na kuilainisha hadi iwe ute. Ndiyo sababu mama wa nyumbani anayetaka kuondoa mabaki ya gundi kwenye kopo hupaka mafuta ya kula, akasubiri kidogo, akafuta. Kinachomsaidia yeye kinaiangamiza stika ya kopo la mafuta ya nazi lisilofungwa vizuri.

Hatua ya tatu: chagua familia ya gundi

Gundi za stika, ukiacha zile za kazi maalumu, ziko katika familia mbili kubwa.

Gundi ya mpira, ambayo kwa kawaida hupakwa ikiwa imeyeyushwa kwa joto na wengi huiita hotimelti, hushika mara moja. Inapenda plastiki ngumu kushikika kama HDPE na polipropilini, na inapenda maboksi ya kadibodi yenye uso mkwaruzo. Bei yake ni nafuu. Udhaifu wake ni jua, joto na mafuta. Mionzi ya jua huifanya iwe ya njano na kukauka hadi kupasuka, joto kali huilegeza, mafuta huiyeyusha. Stika ya mpira kwenye dumu la sabuni linalouzwa na kuisha ndani ya miezi miwili ni chaguo zuri. Stika hiyohiyo kwenye kopo la mafuta ya nywele linalokaa dirishani mwa saluni ni hasara.

Gundi ya akriliki inadumu. Haigeuki njano, huvumilia jua na joto, na mafuta huichukua muda mrefu zaidi kuishinda. Ubaya wake ni uvivu wa mwanzo, hasa kwenye zile plastiki zenye namba 2, 4 na 5. Ndani ya familia hii kuna akriliki ya maji, ambayo ndiyo nyingi sokoni na bei yake ni ya kati, na kuna akriliki ya kiyeyusho, yaani iliyopakwa ikiwa imeyeyushwa kwenye kemikali, ambayo ni ghali lakini ngumu kwa maji na dawa. Ukiwa na stika angavu, ile ya kioo inayoonyesha bidhaa kwa nyuma, chunga akriliki ya maji: ikilowa muda mrefu baadhi yake hugeuka ukungu mweupe, na urembo wote unakwisha. Watengenezaji pia huongeza utomvu maalumu kwenye akriliki ili ishike haraka zaidi. Hiyo ndiyo ningemshauri mtu wa chupa za HDPE aulizie kwanza kabla ya kukimbilia mpira.

Sasa tuingie kwenye bidhaa zenyewe.

Asali kwenye chupa ya kioo inaonekana kazi rahisi, kwa kuwa kioo hupokea gundi yoyote. Lakini fikiria asali ya Tabora iliyoganda: mteja huizamisha chupa kwenye maji ya moto ili irudi kuwa nyepesi. Stika ya karatasi itavimba na kuchanika humo ndani. Nunua ya plastiki yenye akriliki ya kudumu, na asali ikichuruzika shingoni mteja ataifuta kwa kitambaa kilicholowa bila wino kutoka.

Sabuni ya maji ni mtihani mkubwa zaidi. Chupa ni HDPE mara nyingi, hubinywa, huloa kila siku, na sabuni yenyewe imeumbwa kutambaa chini ya vitu na kuving'oa. Hapa uso uwe plastiki laini inayofuata mwendo wa chupa, gundi iwe akriliki iliyoongezwa utomvu, na pembe za stika ziwe za mviringo. Ukiweza kuhamia chupa za PET, hamia. Nusu ya tatizo itakuwa imeondoka.

Mafuta ya nazi na ya nywele yapewe akriliki, uso wa plastiki, na kifuniko chenye kizibo cha ndani kisichovuja. Kizibo hicho kitaisaidia stika kuliko gundi yoyote ghali. Siagi ya karanga kwenye kopo la PET haina makuu. Akriliki ya kawaida inatosha, mradi kopo limefutwa mafuta baada ya kujazwa.

Mtindi kwenye kopo la polipropilini hutaka gundi inayoshika haraka, na kwa kuwa maisha yake rafuni ni mafupi na hukaa gizani kwenye friji, mpira hauna ubaya. Muulize tu mchapaji joto la chini la kubandikia, hasa ukiwa Njombe au Limuru ambako chumba cha kazi asubuhi ya Julai ni baridi kweli.

Stika za bei kwenye vitu vya zawadi, kama sahani, fremu au vioo, zinahitaji gundi ya kubandukia, iliyotengenezwa ili itoke bila kuacha mabaki. Ahadi hiyo ina mwisho: ikikaa miezi mingi juani, nayo huganda kama nyingine.

Chupa zinazorudi ni habari ya peke yake. Viwanda vya bia tangu zamani hutumia karatasi na gundi ya protini ya maziwa, kwa sababu hushika chupa iliyolowa, huvumilia ndoo ya barafu, kisha huachia yote kwenye maji moto ya magadi. Mzalishaji mdogo anayekusanya chupa za kioo za wateja anaweza kujipatia nusu ya faida hiyo kwa stika ya karatasi isiyo na laminesheni (plastiki nyembamba inayofunikwa juu ya chapa kuilinda), ambayo maji ya moto yenye magadi yatapenya na kuiachisha. Wapo wanaopika uji wa ngano na kupaka kwa brashi. Kwenye kioo unashika, tena vizuri, lakini huvutia mende na huota ukungu, na kwenye plastiki ni kazi bure.

Matunda ya kuuza nje yana sheria yake. Stika ndogo inayokaa juu ya ganda la parachichi inagusa chakula moja kwa moja, na gundi yake lazima iwe imeruhusiwa kwa ajili hiyo. Marekani kanuni husika ni 21 CFR 175.125, na Umoja wa Ulaya una Kanuni 1935/2004 kuhusu vitu vinavyogusa chakula. Usikubali neno la mdomo hapa. Dai barua ya mtengenezaji wa gundi. Vivyo hivyo kwa madumu ya kemikali yanayosafirishwa kwa meli: stika za tahadhari huombwa zikidhi kiwango cha BS 5609, ambacho mojawapo ya majaribio yake ni kuzikalisha kwenye maji ya bahari miezi mitatu.

Hatua ya nne: uso wa stika usipigane na gundi

Gundi nzuri hushindwa ikivutwa muda wote na uso mgumu. Karatasi nene iliyowekewa laminesheni ni kama ubao mdogo. Kwenye chupa ya duara pembe zake zitainuka. Karatasi ina mwelekeo wa nyuzi, na hupindika kirahisi upande mmoja kuliko mwingine. Mwambie mchapaji unataka nyuzi zisimame sambamba na urefu wa chupa, ndipo stika itaizunguka chupa kwa hiari yake.

Kama stika inazunguka chupa yote na kujipanda, kumbuka kwamba pale inapojipanda gundi haishiki chupa, inashika uso wa stika yenyewe. Laminesheni nyingi ni polipropilini, ileile iliyokuwa ikikusumbua. Ukiona kila stika inafunguka kwenye mwisho wake huku sehemu nyingine iko imara, tatizo ndilo hilo. Omba sehemu ya kujipanda iachwe bila laminesheni, au acha pengo dogo zisikutane kabisa. Mimi huchagua pengo.

Pembe kali ndizo huanza kuinuka. Mviringo wa milimita 2 au 3 hauharibu mchoro wala kuongeza gharama yoyote ya maana.

Hatua ya tano: zungumza na mchapaji

Iwe Kariakoo au River Road, wachapaji wengi wadogo huwa na karatasi ya stika ya aina moja au mbili, na huchapia kila mteja kwenye hiyohiyo. Si wabaya, hakuna anayewauliza. Wewe nenda na chupa yako mkononi, ikiwa na bidhaa ndani, na useme wazi:

"Fundi, hii chupa ni namba 2, ina sabuni ya maji, itakaa bafuni. Hiyo stika yako gundi yake ni ya mpira au ya akriliki? Inabandikwa kwenye joto gani kwenda juu?"

Asipojua, mwombe jina la msambazaji wa roli. Watengenezaji wakubwa wa malighafi hizi, kama Avery Dennison na UPM Raflatac, hutoa karatasi ya maelezo kwa kila gundi, na humo utakuta familia yake, joto la kubandikia, joto la kuhimili, na nguvu ya kubanduka iliyopimwa kwa mbinu za FINAT, chama cha Ulaya cha watu wa lebo. Usitishwe na namba nyingi. Tafuta hizo mbili za joto, kisha linganisha nguvu ya kubanduka kwenye polietilini (plastiki ya namba 2 na 4) na kwenye kioo. Kama ya kwenye polietilini imeanguka sana, gundi hiyo si ya dumu lako.

Halafu omba vipande vya sampuli, hata vitupu visivyochapwa. Gundi haijui kilichoandikwa juu yake. Mchapaji anayekataa kukupa vipande kumi vya bure kabla hujamlipia stika elfu tano ni wa kuachana naye.

Hatua ya sita: jaribu kabla ya kulipa

Hili usiliruke. Safisha chupa kadhaa kwa alkoholi ya isopropili na kitambaa kisichotoa nyuzi. Angalia unachonunua, maana spiriti nyingine za duka la dawa zimetiwa mafuta kidogo ya nyonyo kwa ajili ya ngozi, na hayo mafuta yatabaki kwenye chupa. Chupa nyingine ziache jinsi zilivyotoka kwenye gunia, ili ujue kama kusafisha ni lazima au ni hiari. Bandika, kandamiza kwa nguvu, ziache siku nzima. Kisha zigawe: moja kwenye friji, moja kwenye dashibodi ya gari juani, moja kwenye ndoo ya maji yenye barafu usiku kucha, moja ipakwe bidhaa yako mwenyewe pembeni mwa stika kila asubuhi kwa wiki, na moja uibinye mara nyingi kama mteja atakavyofanya. Baki na moja isiyoguswa ya kulinganishia.

Baada ya hapo bandua zote polepole, na uangalie gundi imebaki wapi, kwa sababu hapo ndipo jibu lilipo.

Karatasi ikichanika kabla ya kutoka, gundi imeshinda karatasi, umefaulu. Stika ikitoka nzima, na gundi yote iko nyuma yake, na chupa ni safi kama haijawahi kubandikwa, basi gundi haikuukubali uso wa chupa. Ama uso ni mchafu, ama plastiki ni ngumu kushikika, ama ulibandika kwenye baridi. Badili usafi kwanza, ni nafuu. Ikigoma tena badili gundi. Gundi ikigawanyika, nusu kwenye chupa nusu kwenye stika, na inavutika nyuzinyuzi, imelegea kwa ndani: joto limeizidi au mafuta yameingia. Hapo unahitaji gundi ngumu zaidi, na kuongeza usafi hakutasaidia. Gundi yote ikibaki kwenye chupa na uso ukatoka mtupu, tatizo liko kwenye malighafi yenyewe, na hilo ni la kurudisha kwa mchapaji.

Angalia pia kingo bila kubandua. Mstari mweusi wa vumbi ukizunguka stika maana yake gundi imechuruzika nje na kunasa uchafu. Vipovu vilivyotokea siku ya pili kwenye plastiki mpya ni hewa inayotoka ndani ya plastiki. Kwenye vyombo vya PVC laini, stika ikianza kuteleza baada ya wiki kadhaa ni kwamba vilainishi vya plastiki vinahamia kwenye gundi. Kwa hivyo tafuta gundi iliyotajwa wazi kuwa inahimili PVC.

Hatua ya saba: kubandika kwenyewe

Chupa ziwe kavu na ziwe na joto sawa na la chumba. Anza katikati ya stika, kandamiza kuelekea nje kwa kipande cha raba au kitambaa kilichokunjwa, na malizia kwa kupita kingo zote mara ya pili. Mkandamizo ndio unaoifanya gundi itiririke, na kidole kinachopapasa juujuu hakitoshi. Usishike gundi kwa vidole vyenye mafuta ya bidhaa. Mtu anayejaza asiwe anayebandika. Kisha ziache saa 24 kabla ya kuziingiza friji au kuzipakia.

Stika ambazo hazijatumika ziache kwenye mfuko wake wa plastiki, mbali na bati la paa na dirisha, kwenye nyuzi 20 hadi 25 kama unaweza. Zikitunzwa hivyo, watengenezaji wengi huzipa mwaka mmoja hadi miwili. Roli lilale kwa upande wake bapa au lining'inizwe kwenye bomba. Likikalia tumbo lake la mviringo miezi mingi, gundi huminywa ikatokea pembeni na karatasi hushikana. Andika kwenye kiini cha kila roli tarehe uliyolipokea, jina la gundi na namba ya oda, na hifadhi stika chache za kila oda pamoja na chupa moja iliyobandikwa. Siku mchapaji atakapobadilisha malighafi bila kukuambia, chupa hiyo ndiyo itakayokuwezesha kumwonyesha tofauti. Roli lililopita muda wake lijaribu upya kama jipya, na likifeli kwenye plastiki litumie kwenye maboksi ya kadibodi ya nje.